Mashine ya Kupimia Magari Isifanywe Ramli

Katika mkoa wetu wa Pwani imeingia desturi ambayo, isipoangaliwa mapema, itawatia wananchi hasara kwa jina la maendeleo. Gari likipata hitilafu, fundi huchomeka mashine ndogo kwenye tundu lililo chini ya usukani, hutazama kioo chake kwa dakika moja, kisha humtajia mwenye gari kifaa cha kununua. Mwenye gari hulipa, kifaa hufungwa, na hutokea hitilafu ikabaki pale pale. Akirudi kulalamika huambiwa kuwa mashine ndiyo iliyosema. Naye, asiyejua mashine ilisema nini hasa, hukosa la kujibu.

Sisi hatuzipingi mashine hizo. Kinyume chake, twaamini kuwa zikitumiwa na watu waliofunzwa zitawapunguzia wananchi gharama nyingi. Tunachokipinga ni kuzifanya ramli: mtu mmoja atazame, aone peke yake, atamke, na wengine watii. Ili ndugu zetu wa Mzenga na wa Mafia, pamoja na maofisa waliokabidhiwa dhamana ya mafunzo na ya magari ya umma, watuelewe vizuri, tutachukua mfano wa kifaa kimoja ambacho wengi watakiona kidogo. Nacho ni amplifaya ya gari, yaani chombo kinachopokea sauti dhaifu kutoka kwenye redio na kuikuza kabla ya kuipeleka kwenye spika.

Yaweza kuulizwa kwa nini tahariri ishughulike na sauti ya redio ya gari ilhali yako mambo makubwa zaidi. Jibu letu lina sehemu mbili.

Kwanza, katika magari mengi ya siku hizi amplifaya si pambo lililoongezwa baada ya gari kutengenezwa. Imeunganishwa na mtandao wa umeme wa gari zima. Gari lisilo na hitilafu, likizimwa na vifaa vyake vyote vikaisha kulala, halipaswi kunyonya betri zaidi ya miliampea 50 au karibu na hapo, yaani sehemu moja ya ishirini ya ampea. Tuseme amplifaya mbovu inakataa kulala na kunyonya ampea 1 tu. Toka saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi imekwisha kula ampea-saa 12. Kwa betri ndogo ya ampea-saa 45, hiyo ni zaidi ya robo. Ukipita usiku wa pili bila gari kuwashwa, zaidi ya nusu imekwenda. Huenda gari hilo ndilo pekee kitongojini ambalo lingemfikisha mama mjamzito hospitali alfajiri. Isitoshe, katika baadhi ya magari milio ya tahadhari, kama ule wa mkanda au wa kurudi nyuma, hupitia kwenye amplifaya hiyo hiyo. Ikinyamaza, tahadhari nayo imenyamaza.

Pili, njia ya kupima amplifaya ndiyo njia ya kupima breki za kompyuta na mifuko ya hewa ya usalama. Tundu ni lile lile, mashine ni ile ile, na namba za hitilafu huandikwa kwa utaratibu mmoja. Fundi akikosea katika amplifaya, mwenye gari hupoteza fedha. Akikosea namna hiyo hiyo katika breki, abiria hupoteza maisha. Basi ni heri mazoea mabaya yakomeshwe kwenye chombo cha sauti kabla hayajafika kwenye breki.

Tukumbuke tulikotoka. Katika miaka ya 1970 fundi hodari wa Land Rover au Bedford aliitambua hitilafu kwa sikio, kwa pua na kwa kidole. Redio ya gari ilikuwa na waya wa umeme, waya wa ethi unaorudisha umeme kwenye bodi, na nyaya za spika. Ikinyamaza, fundi aliangalia fyuzi, akagusa nyaya kwa testa yenye taa, na jambo likaisha. Lakini mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mtandao uitwao CAN, ambao huwezesha kompyuta nyingi ndani ya gari moja kuzungumza kwa kutumia nyaya mbili tu. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha kila gari jipya dogo liwe na tundu la kupimia lenye pini 16 na namba za hitilafu za aina moja. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya petroli. Mwaka huo wa 2001 kampuni ya BMW ilitoa gari ambalo redio, amplifaya na vifaa vingine vya sauti viliungwa kwa nyuzi za kupitisha mwanga, vikifuatana katika duara moja.

Mabadiliko hayo hayakubaki Ulaya na Marekani. Magari mengi yanayoingia nchini mwetu yamekwisha kutumika Japani, na hushuka bandarini yakiwa na mitandao yake yote. Katika baadhi ya Toyota zenye amplifaya ya JBL, redio haiipelekei amplifaya sauti peke yake. Huipelekea pia amri ya kuamka, ya kupandisha sauti na ya kulala, kupitia nyaya za mawasiliano. Testa yenye taa haiwezi kusoma amri hizo. Hapo ndipo mashine ya kupimia inapohitajika, na hapo ndipo udanganyifu unapopata mlango.

Ni wajibu wa kila mwenye gari kujua jambo moja la msingi. Namba ya hitilafu huanza kwa herufi. Herufi P huhusu injini na giaboksi. C huhusu breki, usukani na mfumo wa chini ya gari. B huhusu vifaa vya ndani na vya bodi. U huhusu mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Ule utaratibu wa mwaka 1996 uliwekwa hasa kwa ajili ya kuzuia moshi mchafu, na kwa hiyo mashine za bei ndogo zimekusudiwa kwanza kusoma namba za P. Hitilafu ya amplifaya kwa kawaida huandikwa katika B au U, na aghalabu huhitaji mashine yenye programu inayoijua lugha ya kiwanda kilichotengeneza gari hilo. Fundi anayechomeka mashine ndogo ya injini, asione namba yoyote, kisha akatangaza kuwa amplifaya ni nzima au ni mbovu, hajapima chochote. Amemuuliza bawabu habari za nyumba ambayo bawabu huyo hana ufunguo wake.

Hata mashine kubwa ina mpaka wake. Tuchukue namba ya U inayosema kuwa amplifaya haijibu. Wengi hutafsiri neno hilo kuwa amplifaya imekufa, wakaamuru nyingine. Lakini sisi watu wa pwani twajua kubisha hodi. Ukibisha hodi usiitikiwe, huenda mwenye nyumba amefariki. Huenda pia amelala, hayupo, au mlango umefungwa kwa nje. Amplifaya isiyojibu yaweza kuwa imekatikiwa fyuzi. Waya wake wa ethi waweza kuwa umeliwa na kutu. Amri ya kuiamsha huenda haikufika, kwa sababu redio ya asili iliondolewa ikafungwa nyingine isiyojua kuzungumza nayo. Katika magari ya duara la nyuzi za mwanga, kifaa kimoja kikikatika hunyamazisha vyote, na kile kinacholaumiwa huenda si chenye kosa. Namba ya hitilafu humwelekeza fundi mahali pa kuanzia kazi yake. Haimpi ruhusa ya kuimaliza.

Kazi yenyewe si ya uchawi, nasi twaona yafaa wananchi waijue ili waweze kuidai. Fundi mwema huanza na betri, kwa kuwa betri dhaifu huzaa namba nyingi za uongo. Betri njema gari likiwa limezimwa husoma kama volti 12.6, na injini ikinguruma husoma kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Kisha huchomeka mashine, akasoma kompyuta zote za gari na si moja, akaziandika namba zote kwenye karatasi kabla ya kufuta hata moja. Baada ya hapo hutazama takwimu zinazosomwa papo hapo: kama mita kwenye betri inaonyesha volti 12.5, na amplifaya yenyewe inaripoti kuwa inapata volti 9, basi ubovu uko njiani kati ya betri na amplifaya, na kununua amplifaya mpya ni kutupa fedha. Mashine ikiwa na uwezo wa kuiamuru amplifaya itoe sauti ya majaribio, huiamuru spika moja baada ya nyingine.

Ndipo sasa huiweka mashine kando na kushika mita. Hupima umeme kwenye soketi ya amplifaya yenyewe. Hupima upande wa ethi sauti ikiwa inatoka. Tofauti kati ya ethi hiyo na upande hasi wa betri ikizidi sehemu mbili za kumi za volti, ethi haifai. Huchomoa spika na kupima ukinzani wake, ambao kwa spika nyingi za magari ni karibu omu 4, na kwa baadhi omu 2. Waya uliokwaruzwa mlangoni ukagusa bodi waweza kuifanya amplifaya ijizime ili isiungue. Amplifaya mpya ikifungwa hapo nayo itajizima vivyo hivyo. Kazi ikiisha, namba hufutwa, gari huendeshwa, na mashine huchomekwa tena kuona kama zimerudi. Fundi anayefuta namba na kumkabidhi mtu ufunguo bila kuliendesha gari hajatengeneza. Amefuta ushahidi tu.

Yako pia mambo ambayo hayahitaji mashine hata kidogo. Redio za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani zilitengenezwa kupokea masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na baadaye hadi 95. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hadi 108. Mwenye gari akikosa stesheni hudhani chombo cha sauti kimeharibika, ilhali ni kizima na kinachokosekana ni masafa tu. Kumuuzia mtu huyo amplifaya ni unyonyaji ulio wazi, na anayefanya hivyo kwa kutokujua hana nafuu kubwa mbele ya aliyepoteza fedha.

Tumewataja watu wa Mzenga na wa Mafia pamoja kwa sababu maalumu. Mzenga, katika Wilaya ya Kisarawe, iko bara, na Mafia iko baharini. Lakini katika jambo hili hali yao ni moja. Mtu wa Kariakoo akiuziwa kifaa kisichohitajika, huvuka barabara na kurudi dukani kugombana. Mtu wa Mzenga lazima asafiri hadi Mlandizi, Kisarawe au Dar es Salaam, na mvua za masika zinaweza kumzuia njiani. Mtu wa Mafia hana budi kutoka Kilindoni, kuvuka bahari hadi Nyamisati, na kusafiri tena nchi kavu hadi Kariakoo au Gerezani. Kisha arudi na kifaa mkononi, akifunge, agundue kuwa siyo. Amelipa kifaa, nauli mara mbili na siku za kazi. Baadhi ya magari ya Ulaya, kama Audi, humwongezea mzigo mwingine: kifaa kilichotolewa kwenye gari jingine hukataa kufanya kazi mpaka kitambulishwe rasmi kwa gari lake jipya. Kosa la dakika moja kwenye kioo cha mashine lageuka hasara ya wiki nzima.

Tena mazingira ya visiwani yana adui wake. Amplifaya nyingi huwekwa chini ya kiti au kwenye buti. Gari likibeba samaki, maji ya barafu yenye chumvi huteremka sakafuni, na hewa ya bahari huisaidia kazi hiyo. Shaba ya soketi huota kutu ya kijani, na umeme hupita kwa taabu. Hitilafu ya namna hiyo hutibika kwa kusafisha soketi, kukausha na kukaza ethi. Mashine haiwezi kuona kutu. Macho ya fundi yanaiona, ikiwa tu atainama kutazama.

Kwa hiyo, kadiri mtu anavyokaa mbali na maduka ya vipuri, ndivyo anavyohitaji zaidi upimaji ulio sahihi. Lakini ni rahisi vyombo na mafunzo kuishia mijini, vikawaacha nyuma walio mbali. Hali hiyo lazima igeuzwe, na viongozi wahusika wanao uwezo wa kuigeuza bila kungoja msaada wa nje.

Kwanza, Kibaha, makao makuu ya mkoa wetu, haina upungufu wa mahali pa kujifunzia. Iko VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Liko Shirika la Elimu Kibaha pamoja na Chuo chake cha Maendeleo ya Wananchi. Kiko kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, ambacho wahandisi wake walithubutu kutengeneza lori la Kitanzania. Tunashauri walimu wa ufundi wa magari watoke na mashine zao, wakae wiki mbili Mzenga na wiki mbili Kilindoni, wawafunze vijana wa gereji bubu pale pale wanapofanyia kazi. Vijana hao wasidharauliwe. Mikono yao ina ujuzi mwingi. Wanachokosa ni kusoma michoro ya umeme na kufuata utaratibu. VETA inao mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya shule, nao ungefaa kutumika hapa.

Pili, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mashine nzuri ya kupimia ni ghali kwa fundi mmoja, lakini si ghali kwa kikundi cha mafundi 10 wanaoitumia kwa zamu. Halmashauri za Kisarawe na Mafia zaweza kulichukua jambo hili kuwa shughuli halali ya uzalishaji, kwa sharti kwamba kikundi kiwe na angalau mtu mmoja mwenye cheti, na kwamba programu ya mashine iwe halali na inayoongezwa mambo mapya. Programu ya wizi isiyojua magari mapya itawarudisha kwenye ramli.

Tatu, Serikali ianze na magari yake yenyewe. TEMESA, wakala ulioanzishwa mwaka 2005, una dhamana ya matengenezo ya magari ya Serikali, na ndio unaoendesha vivuko vya Serikali pia. Ofisa yeyote anayeidhinisha malipo ya kifaa cha umeme cha gari adai karatasi yenye mambo matatu: namba zilizosomwa kabla ya kazi, vipimo vya mita vilivyothibitisha kuwa kifaa ni kibovu, na namba zilizosomwa baada ya gari kuendeshwa. Bila karatasi hiyo asitie saini. Fedha ya umma ina haki ya kulindwa dhidi ya kubahatisha, na mafundi wakizoea kuandika kwa ajili ya Serikali, wataandika kwa ajili ya mwananchi pia.

Nne, mwananchi mwenyewe asikubali kunyamazishwa. Aiombe karatasi hiyo hiyo. Aulize: mashine imesoma kompyuta gani? Fyuzi na ethi zimepimwa? Kifaa cha zamani kiko wapi? Maswali haya hayamvunjii fundi heshima. Fundi mwaminifu huyafurahia, maana yanamtenganisha na mlaghai.

Watakuwapo watakaosema kuwa masharti haya yataongeza gharama ya kupima. Ni kweli kwamba saa moja ya upimaji hulipiwa. Lakini mwenye kulipia saa moja amenunua ukweli, na mwenye kukwepa saa hiyo hununua kifaa, nauli na majuto. Wengine watasema mafundi wetu wa vijijini hawawezi kujifunza mambo ya kompyuta. Hao twawakumbusha kuwa mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima vijijini kwa redio na vikundi vya kusikiliza, na watu walijifunza na kutenda. Kijana aliyeweza kuifumua injini na kuirudisha bila kitabu hatashindwa kusoma herufi nne na mita moja.

Elimu ya kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka mtu aelewe kazi ya mikono yake na asiwe mtumwa wa chombo asichokijua. Wito huo haujachakaa. Tunautaka uongozi wa Mkoa, VETA na halmashauri hizi mbili wakae pamoja, wapange tarehe ya mafunzo ya kwanza, na kuwatangazia wananchi wa Mzenga na Kilindoni siku, mahali na jina la mwenye dhamana ya kazi hiyo. Nasi tutaifuatilia tarehe hiyo, na ikipita bila kazi kufanyika, tutauliza sababu.